Raspberry Pi Isipowaka Baada ya Umeme Kukatika: Namna ya Kuiokoa Pamoja na Kumbukumbu Zake

Umeme unakatika mchana, unarudi baada ya dakika kumi, unakatika tena kabla feni haijashika kasi, na kompyuta ndogo iliyokuwa ikihudumia maktaba ya shule au daftari la mauzo la duka haiwaki tena. Taa nyekundu ipo, skrini ni nyeusi, na mtu wa kwanza kuulizwa anajibu kwamba kadi imeungua, inunuliwe nyingine na mfumo uwekwe upya. Ushauri huo utairudisha kompyuta, lakini hautarudisha alama za wanafunzi za muhula mzima wala orodha ya wadaiwa, na mara nyingi vitu hivyo vilikuwa bado vimo ndani ya kadi ile ile iliyotupwa.

Mwongozo huu unahusu Raspberry Pi 4, iliyotoka Juni 2019, na pale inapotofautiana na Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016 nitasema. Mfumo ninaouzungumzia ni Raspberry Pi OS, ambao umejengwa juu ya Debian, mmoja wa mifumo ya Linux. Utaratibu wote unasimama juu ya sharti moja: usirekebishe kitu chochote ambacho hujakinakili. Nililipia somo hili katika shule moja niliyokuwa nikiisaidia, ambapo niliendesha programu ya ukarabati moja kwa moja juu ya kadi iliyoumia. Programu ilihamisha mamia ya mafaili kwenye folda ya lost+found yakiwa hayana majina, na nilipotaka kujaribu njia nyingine kadi ilikuwa haisomeki tena. Kadi ile huenda ingedumu saa moja zaidi, na saa moja ingetosha kabisa kuinakili.

Kinachoumia umeme unapokatika

Ni vizuri kuelewa kwanza kwa nini kompyuta hizi zinaumia kiasi hiki, kwa sababu uelewa huo ndio unaoamua hatua zitakazofuata. Raspberry Pi ya kawaida haina diski ya ndani, bali kila kitu kiko kwenye kadi ya microSD, na kadi hiyo ina kompyuta yake ndogo ndani inayopanga wapi data ikae. Kadi huandika kwa vipande vidogo, lakini hufuta kwa mafungu makubwa zaidi, hivyo ili ibadilishe kipande kimoja huenda ikalazimika kuhamisha na vipande jirani. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kinachopotea kinaweza kuwa faili ambalo hakuna aliyekuwa akiligusa. Ndiyo maana mtu huapa kwamba kompyuta ilikuwa imetulia tu, haifanyi kitu, na bado haiwaki.

Kadi ya mfumo huu imegawanywa sehemu mbili. Ya kwanza ni ndogo, yenye mpangilio wa mafaili wa aina ya FAT, na ndiyo yenye mafaili ya kuanzishia kompyuta. Ya pili ni kubwa, ya aina ya ext4, yenye mfumo wenyewe pamoja na kazi zako. Sehemu ya ext4 huweka daftari la mabadiliko yanayoendelea, kwa hiyo hujirekebisha yenyewe baada ya ajali nyingi. Hata hivyo daftari hilo, kwa mpangilio wa kawaida, hulinda mpangilio wa mafaili na si yaliyoandikwa ndani yake. Sehemu ya FAT haina daftari lolote. Kwa hiyo kompyuta inaweza kugoma kabisa kwa sababu ya faili moja katika sehemu ndogo, huku kazi zako zote katika sehemu kubwa zikiwa salama.

Anza na umeme

Kabla ya kuituhumu kadi, hakikisha kompyuta inapata umeme unaoitosha. Chomoa kila kitu isipokuwa chaja na skrini, hasa diski za nje, kwa maana diski ikivuta umeme mwingi wakati wa kuwaka inaweza kuifanya kompyuta ianze na kuzima bila kikomo. Raspberry Pi 4 inahitaji chaja ya volti 5.1 na ampea 3, na Raspberry Pi 3 inahitaji ampea 2.5. Chaja ya simu iliyoandikwa ampea 3 inaweza isitoshe ikiwa waya wake ni mwembamba na mrefu, kwa sababu volti hupungua njiani. Volti ikishuka chini ya takriban 4.63, taa nyekundu huzimika au hupepesa, na kama kompyuta imefika mbali kidogo, alama ya radi hutokea kwenye kona ya juu ya skrini. Taa nyekundu inayopepesa ni habari njema, kwani inaonyesha kwamba huenda tatizo lote ni waya.

Wenye Raspberry Pi 4 za toleo la kwanza kabisa wafahamu jambo moja zaidi. Bodi hizo zilikuwa na kasoro katika tundu la USB-C, na baadhi ya waya za bei kubwa, zile zenye kijichipu cha utambulisho ndani, hazizipatii umeme hata kidogo. Waya wa kawaida hufanya kazi.

Ikiwa taa nyekundu haiwaki kabisa kwa chaja mbili tofauti zinazojulikana kuwa nzima, tafuta mita ya umeme. Weka ncha nyeusi kwenye pini ya 6, kisha pima pini ya 2, ambayo inapaswa kusoma karibu volti 5, na pini ya 1, ambayo inapaswa kusoma karibu volti 3.3. Pini ya 2 ikisoma sawa huku ya 1 ikisoma sifuri, sehemu ya bodi inayogawa umeme imekufa na kompyuta yenyewe haitapona kwa hatua za mwongozo huu. Chipu inayochoma kidole ndani ya sekunde chache, kadi ikiwa haimo, ni dalili ya aina hiyo hiyo. Hata hapo kadi inaweza kuwa nzima, kwa hiyo ichomoe na uendelee na hatua ya kunakili ukitumia kompyuta nyingine.

Soma taa ya kijani na skrini

Unganisha skrini kabla ya kuwasha umeme, si baadaye, na kwa Raspberry Pi 4 tumia tundu la HDMI lililo karibu zaidi na tundu la chaja. Washa, kisha itazame taa ya kijani kwa dakika nzima ukiwa na karatasi mkononi. Taa hii hupepesa ovyo kadi inaposomwa, na hiyo ni kawaida. Inapopepesa kwa hesabu, ikatulia, ikarudia hesabu ile ile, inakuambia tatizo liko wapi.

Mipepeso minne mifupi maana yake ni kwamba faili la kuanzishia halikupatikana, nalo ni start4.elf kwa Raspberry Pi 4 au start.elf kwa Raspberry Pi 3. Mipepeso saba mifupi maana yake ni kwamba kiini cha mfumo hakikupatikana, yaani faili kama kernel8.img. Mipepeso miwili mirefu ikifuatwa na mmoja mfupi inasema kwamba sehemu ya kwanza ya kadi haitambuliki kuwa FAT, na miwili mirefu ikifuatwa na miwili mifupi inasema sehemu hiyo imetambuliwa lakini imeshindwa kusomwa. Mitatu mifupi ni kushindwa kwa jumla bila maelezo. Minane mifupi inahusu kumbukumbu ya ndani ya bodi yenyewe (RAM), na hiyo si kazi ya kadi.

Kwenye skrini, picha ya rangi za upinde wa mvua inayoganda ina maana kwamba faili la kuanzishia lilisomwa lakini kiini hakikuanza. Maandishi mengi yanayoishia na maneno kernel panic pamoja na unable to mount root fs yanaeleza kwamba kiini kilianza lakini hakikuiona sehemu ya pili ya kadi. Na maandishi yanayosema emergency mode yana habari yake ya pekee, ambayo nitaieleza mbele, kwa sababu huwapotezea watu kadi nzima zisizo na kosa lolote.

Andika ulichokiona. Ukishaitoa kadi hutakiona tena.

Ijaribu bodi kwa kadi mpya

Hatua hii wengi huiacha mwisho, nami naona inafaa kutangulia. Tafuta kadi nyingine, uiwekee Raspberry Pi OS kwa kutumia programu ya Raspberry Pi Imager, na uichomeke kwenye bodi. Usiitumie kadi ya zamani kwa kazi hii kwa hali yoyote. Bodi ikiwaka, umejua mambo mawili kwa mara moja: kwamba bodi ni nzima, na kwamba sasa unayo meza ya kufanyia kazi, kwani kompyuta hiyo hiyo ndiyo itakayoiokoa kadi yake ya zamani. Hutahitaji kompyuta mpakato yenye Linux.

Ikiwa Raspberry Pi 4 haionyeshi chochote hata kwa kadi mpya, na taa ya kijani haipepesi kabisa, kuna uwezekano kwamba programu ya kuanzishia iliyo kwenye chipu ya bodi ndiyo iliyoharibika. Raspberry Pi 3 haina chipu hiyo, kwani huanzia moja kwa moja kwenye kadi. Katika Imager nenda kwenye Misc utility images, chagua Bootloader ya familia ya Pi 4, kisha SD Card Boot, uandike kadi hiyo mpya na kuichomeka. Kazi ikifanikiwa, taa ya kijani hupepesa haraka haraka bila kukoma na skrini hugeuka kijani kitupu. Zima, rudisha mfumo wa kawaida kwenye kadi, ujaribu tena.

Nakili kadi nzima

Sasa kadi ya zamani ingie kwenye kisomea kadi cha USB, nacho kichomekwe kwenye Raspberry Pi iliyowaka kwa kadi mpya. Ukiwa na kompyuta ya Windows pekee, tahadhari: Windows haiisomi sehemu ya ext4, kwa hiyo itakuuliza kama inaweza kuiandaa upya diski hiyo. Kataa kila inapouliza. Nimewahi kuletewa kadi ambazo ajali haikuzidhuru, ila kubonyeza ndiyo kwenye swali hilo ndiko kulikozimaliza.

Unahitaji pia diski ya nje yenye nafasi inayozidi mara mbili ya ukubwa wa kadi, kwa sababu nakala zitakuwa mbili. Flashi nyingi za madukani zimeandaliwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi, kwa hiyo nakala itakatikia njiani. Diski iwe ya exFAT, NTFS au ext4. Katika mifano yangu diski hiyo imepachikwa, yaani imeunganishwa na mfumo ili mafaili yake yaonekane, mahali panapoitwa /mnt/hifadhi.

Fungua dirisha la amri na uangalie majina:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,MOUNTPOINT

Kadi inayoendesha kompyuta itaitwa mmcblk0. Kadi ya zamani itaonekana kama sda au sdb, ikiwa na sehemu mbili, na utaitambua kwa ukubwa wake na kwa jina rootfs kwenye sehemu ya pili. Hakikisha mara mbili, kwa sababu amri zinazofuata haziulizi swali. Nitaichukulia kuwa ni /dev/sda. Kama mfumo umezipachika sehemu zake wenyewe, zipachue kwanza, kisha weka programu ya kunakili:

sudo umount /dev/sda1 /dev/sda2
sudo apt install gddrescue

Programu inayowekwa hapa ni ddrescue. Wengi wamezoea dd, amri ya kawaida ya kunakili diski, ambayo inafaa kwa kadi isiyo na kasoro, lakini kwa kadi inayoumwa husimama kwenye kosa la kwanza au hung'ang'ania pale pale palipoharibika huku kadi ikizidi kuchoka. Programu ya ddrescue huchukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, na ndipo irudi kwenye sehemu ngumu:

cd /mnt/hifadhi
sudo ddrescue -d -n /dev/sda kadi.img kadi.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda kadi.img kadi.map

Amri ya kwanza huruka sehemu ngumu, na ya pili huzirudia mara tatu. Faili la kadi.map ni ramani ya kazi iliyokwisha kufanyika, na kwa mazingira yetu lina thamani ya pekee: umeme ukikatika katikati ya kunakili, amri ile ile ikiendeshwa tena itaendelea pale ilipoishia. Kadi ya gigabaiti 32 inayosomwa kwa megabaiti 25 kwa sekunde huchukua zaidi kidogo ya dakika 20, ilhali kadi iliyoumia inaweza kuchukua saa kadhaa. Iache iendelee. Usiichomoe kwa sababu tu namba zimetulia.

Ikiwa kadi haionekani kabisa kwenye lsblk, jaribu kisomea kingine, safisha miguu yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, na ujaribu tundu lingine la USB. Isipoonekana popote, kompyuta ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe imekufa, na hapo mambo ya nyumbani yamefikia kikomo.

Nakala ikikamilika, chomoa kadi ya zamani, itie kwenye bahasha, uandike juu yake tarehe na kompyuta ilikotoka. Kuanzia hapa haiguswi.

Rekebisha nakala ya nakala

Tengeneza nakala ya pili ya kufanyia kazi, ili ile ya kwanza ibaki kama ilivyotoka kwenye kadi, kisha iunganishe kama vile ni diski:

cp kadi.img kazi.img
sudo losetup -Pf --show kazi.img

Amri ya mwisho itajibu jina, kwa kawaida /dev/loop0, na sehemu zake zitakuwa /dev/loop0p1 na /dev/loop0p2. Anza na ndogo:

sudo fsck.fat -a /dev/loop0p1

Ujumbe wa kwamba alama ya uchafu imewekwa, Dirty bit is set, usikutishe, kwani unaeleza tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Kisha ikaguliwe sehemu kubwa:

sudo e2fsck -f -y /dev/loop0p2

Hapa ndipo utakaposhukuru kwamba unafanya kazi juu ya nakala, kwa sababu herufi y inakubali kila pendekezo la ukarabati bila kukuuliza, na mapendekezo mengine hufuta. Kama programu inasema kwamba superblock haisomeki, yaani ukurasa wa utambulisho wa sehemu nzima umepotea, ext4 huweka nakala zake kadhaa za ukurasa huo. Kwa kadi nyingi, ambazo hutumia vipande vya baiti 4096, nakala ya kwanza iko namba 32768:

sudo e2fsck -b 32768 -B 4096 -y /dev/loop0p2

Endesha ukaguzi mara ya pili hadi usiwe na la kusema. Matokeo yakiwa mabaya kuliko ulivyotarajia, futa kazi.img, nakili upya kutoka kadi.img, na ujaribu bila y, ukijibu kila swali mwenyewe.

Toa kumbukumbu kwanza

Kishawishi katika hatua hii ni kuiwasha kompyuta haraka kwa sababu watu wanaisubiri. Mimi hutoa kwanza kile kisichoweza kupakuliwa upya popote. Video za masomo na nakala ya Wikipedia inayosomwa kwa Kiwix zitapatikana tena kwa kuzifuata mjini zikiwa kwenye diski, lakini rekodi za mwanafunzi fulani kwamba alimaliza mazoezi ya sehemu za desimali hazipo mahali pengine duniani.

Pachika sehemu kubwa kwa kusoma tu, kisha ufungashe folda zenye uzito:

sudo mkdir -p /mnt/kadi
sudo mount -o ro /dev/loop0p2 /mnt/kadi
sudo tar -C /mnt/kadi -czf /mnt/hifadhi/kumbukumbu.tar.gz home etc

Nafungasha kwa tar badala ya kunakili folda moja moja kwa sababu diski ya exFAT haihifadhi habari za mwenye faili na ruhusa zake, na tar huzihifadhi ndani ya furushi. Ongeza var/lib na var/www ikiwa kompyuta ilikuwa seva ya hifadhidata au ya tovuti ya ndani.

Programu nyingi za kompyuta ndogo, ikiwemo Kolibri inayotumika mashuleni bila intaneti, hutunza rekodi zao kwa SQLite, aina ya hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja. Katika Kolibri faili hilo huitwa db.sqlite3, ndani ya folda iliyofichwa ya .kolibri. Ukiona kando yake faili lenye jina lile lile linaloishia na -wal, lichukue pia na uliweke folda moja na lenzake, kwa maana mabadiliko ya mwisho kabla ya ajali yanaweza kuwa bado yamo humo. Baada ya kuyatoa, yakague ukiwa juu ya nakala inayoandikika:

sqlite3 db.sqlite3 "PRAGMA integrity_check;"

Jibu likiwa ok, hifadhidata ni nzima. Likiwa ni orodha ya makosa, omba kinachookoka kiandikwe kwenye faili jipya:

sqlite3 db.sqlite3 .recover | sqlite3 mpya.sqlite3

Angalia pia mafaili yaliyobaki majina tu bila kitu ndani, kwa sababu ndivyo ajali ya umeme inavyoacha mafaili yaliyokuwa yakiandikwa:

sudo find /mnt/kadi/etc /mnt/kadi/home -type f -empty

Baadhi huwa matupu kwa kawaida. Unayotafuta ni yale ambayo hayapaswi kuwa hivyo, kama faili la mipangilio la programu uliyoiweka wewe mwenyewe.

Kurudisha kompyuta kazini

Sasa unachagua kati ya njia mbili. Ikiwa ukaguzi wa e2fsck ulikuwa mwepesi, pachua nakala na uiandike kazi.img kwenye kadi mpya iliyo kwenye kisomea, ukihakikisha jina lake kwa lsblk kama mwanzo:

sudo umount /mnt/kadi
sudo losetup -d /dev/loop0
sudo dd if=kazi.img of=/dev/sda bs=4M conv=fsync status=progress

Kadi mbili zilizoandikwa gigabaiti 32 hazilingani mpaka baiti ya mwisho, na mpya ikiwa ndogo hata kidogo nakala haitaenea, kwa hiyo nunua ya gigabaiti 64 ujiondolee usumbufu. Ikiwa mafaili ya kuanzishia ndiyo yaliyokuwa yamepotea, unaweza kuyachukua kwenye kadi yenye mfumo mpya wa toleo lile lile na kuyaweka katika sehemu ndogo, isipokuwa cmdline.txt na config.txt, ambayo ni mipangilio yako. Kompyuta ikiwaka, kamilisha usakinishaji wowote uliokatizwa njiani:

sudo dpkg --configure -a

Ikiwa ukaguzi ulitoa makosa kurasa kwa kurasa, mfumo huo usiuamini. Weka mfumo mpya, weka programu upya, kisha urudishe kumbukumbu zako kutoka kwenye furushi la tar. Hii huchukua jioni moja, lakini hutabaki na mashaka kwamba kuna faili la mfumo lililooza mahali usipopajua.

Makosa mawili yanayofanana na kadi mbovu

La kwanza ni lile la emergency mode. Mara nyingi chanzo chake ni diski ya nje iliyoorodheshwa katika faili la /etc/fstab, ambayo baada ya ajali haikuonekana au inahitaji ukaguzi. Mfumo huisubiri, hukata tamaa, kisha hutaka neno la siri la msimamizi mkuu, ambalo kwenye Raspberry Pi OS limefungwa, hivyo huwezi kuingia. Ipachike kadi kwenye kompyuta nyingine, fungua etc/fstab katika sehemu ya pili, na kwenye mstari wa diski hiyo ongeza nofail kando ya chaguo zilizopo, bila nafasi, ukitenganisha kwa mkato. Kompyuta itawaka hata diski isipokuwepo, nawe utaikagua diski kwa utulivu.

La pili hutokea wakati wa ukarabati wenyewe. Faili la cmdline.txt katika sehemu ndogo hutaja sehemu kubwa kwa utambulisho wake, kwa maandishi yanayoanza na root=PARTUUID=. Ukihamisha mafaili kutoka kadi moja hadi nyingine, utambulisho huo hautalingana, na kiini kitalalamika kwamba hakiioni sehemu kubwa ya kadi. Soma ulio sahihi kwa amri ya sudo blkid, urekebishe cmdline.txt pamoja na fstab, na uhakikishe maandishi yote ya cmdline.txt yamebaki katika mstari mmoja. Kuongeza mstari wa pili kwa bahati mbaya kunatosha kuifanya kompyuta igome.

Ili isirudie

Kadi mpya ikaguliwe kabla ya kuaminiwa, kwani sokoni zimo zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 huku ndani zina chache tu, na kasoro hiyo hujitokeza pale tu zinapojaa. Programu iitwayo f3 huijaza kadi na kuisoma tena, nawe utaona ukweli wake. Iendeshe kadi ikiwa bado tupu.

Baada ya siku mbili za kazi, iulize kompyuta kama umeme wake unatosha:

vcgencmd get_throttled

Jibu la 0x0 ni salama. Jibu la 0x50000 linasema kwamba tangu ilipowashwa volti ilishuka angalau mara moja na kasi ikapunguzwa, hivyo badilisha chaja au waya kabla ya ajali nyingine.

Kwa kompyuta isiyobadilika mara kwa mara, fungua sudo raspi-config, ingia Performance Options, na uwashe Overlay File System. Kuanzia hapo mfumo hauandiki tena kwenye kadi, bali kwenye kumbukumbu ya muda (RAM), na umeme ukikatika hakuna cha kuharibika. Sharti lake ni kwamba kila kinachoandikwa hupotea kompyuta inapozimwa, kwa hiyo hifadhidata lazima ihamishiwe kwanza kwenye diski ya nje. Diski hiyo nayo inahitaji nakala. Hifadhidata ya SQLite inayotumika isinakiliwe kwa cp, bali kwa amri yake yenyewe, ambayo unaweza kuipangia iende kila jioni kabla ya muda wa kufunga:

sqlite3 db.sqlite3 ".backup '/mnt/hifadhi/db-leo.sqlite3'"

Ile kadi ya zamani iliyo kwenye bahasha iache hapo mpaka wenye kumbukumbu wenyewe, mwalimu au mwenye duka, wapitie rekodi moja baada ya nyingine na kukuthibitishia kwamba hakuna kinachokosekana.